Barua zenu: Ufunguo wa nyumba ni wa nani?

Mwezi huu nimefungua barua zenu, wapangaji wa Nairobi, na karibu zote zinaongelea mlango. Kuna mlango uliofunguliwa bila kuvunjwa, kuna uliofungwa na kufuli ya mtu mwingine, kuna geti ambalo keateka analala na ufunguo wake. Kwa hivyo yale maswali ya kodi kupanda nimeyaweka kando hadi toleo lijalo, leo tukae na usalama wa pale unapolala.

Kabla sijaanza kuna kitu kinarudi kwa kila barua: "sina agrimenti, kwa hivyo sina haki." Hapana. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali upangaji wa miaka 2 au chini ya hapo ufanywe kwa mdomo tu. Kama unalipa kila mwezi na landlodi anapokea, wewe ni mpangaji kamili, na haki nitakazotaja hapa ni zako hata kama hujawahi kusaini karatasi yoyote. Zile meseji za M-Pesa ndizo ushahidi wako, usizifute.

*Niko Pipeline floo ya nne na watoto wawili. Jumanne nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda job, kurudi jioni mlango umefungwa vizuri kabisa lakini ndani hakuna TV, hakuna mtungi wa gesi, hata blanketi ya mtoto wamebeba. Hakuna kitu kimevunjwa. Jirani ananiambia aliyekaa hapo kabla yangu alihama na ufunguo, na keateka pia ako na yake. Landlodi anasema vitu vyangu ni mzigo wangu. Naweza kubadilisha kitasa? Keateka akitaka kopi lazima nimpe? Na hizo vitu nani atanilipa?* (Mama Wawili, Pipeline)

Pole sana mama. Kitu cha kwanza, kama hujaenda stesheni nenda leo, ripoti iandikwe na utoke na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Waambie wazi kwamba mlango haukuvunjwa na watu unaojua wana funguo ni akina nani, lakini ishia hapo, usianze kumtaja keateka kwa grupu ya WhatsApp ya ploti kwamba ndiye mwizi, maana huna hakika bado na anaweza kukugeuzia kesi.

Kitasa badilisha, tena leo jioni kama fundi anapatikana. Sheria haimkatazi mpangaji kubadilisha kitasa, kinachoweza kukuzuia ni kama kuna agrimenti uliyosaini inayosema uombe ruhusa kwanza, na hata hapo meseji moja kwa landlodi inatosha kuanza: "Nimeibiwa tarehe fulani, mlango haukuvunjwa, kuna funguo zingine nje, nabadilisha kitasa leo." Kile cha zamani usitupe, kiweke kwa mfuko, siku ya kuhama utakirudisha au mtaelewana abaki na kipya. Kwa maoni yangu gharama inafaa kuwa ya landlodi, sababu kumpa mpangaji mpya nyumba ambayo ufunguo wake unazunguka mtaani si kumpa nyumba salama, lakini usingoje mbishane nani analipa na huku unalala na watoto. Lipa, chukua risiti, halafu dai.

Kuhusu kopi ya keateka. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 65, inasema mradi unalipa kodi na kufuata masharti, unakaa kwa amani bila kusumbuliwa na mwenye nyumba wala mtu anayetumwa na yeye. Sheria hiyo hiyo inamruhusu landlodi kuingia kuangalia hali ya nyumba au kurekebisha kitu, ila asikusumbue isivyostahili. Kuingia ukiwa kazini bila kukwambia, eti anapita tu kuangalia, hiyo haimo. Sasa najua kwa hizi ploti ndefu maji yakipasuka floo ya nne yanashuka hadi duka la chini, kwa hivyo landlodi ana sababu ya kutaka ufunguo wa dharura. Njia ambayo nimeiona ikifanya kazi ni hii: kopi inawekwa kwa bahasha, inafungwa, nyote wawili mnasaini pale inapofungikia, na akiifungua lazima akupigie simu kwanza. Ukirudi ukute bahasha imechanwa bila sababu, una kitu cha kuonyesha.

Malipo ya vitu vyako, hapa sitakudanganya. Landlodi hawi mdaiwa wa kila mwizi anayeingia. Lakini ukionyesha alijua funguo ziko nje, au ulimwambia na hakufanya kitu, au aliyetumia ufunguo ni mfanyakazi wake aliyempa yeye mwenyewe, hapo ana kesi ya kujibu. Korti ya Madai Madogo inasikiza madai ya hasara ya mali hadi shilingi 1,000,000, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kinachobeba kesi kama hiyo ni maandishi. Mimi mwenyewe niliibiwa hivyo hivyo nikiwa bedsita Zimmerman, na kilichoniuma si redio, ni kwamba nilikuwa nimemwambia keateka mara tatu kuhusu kile kitasa, mara tatu zote kwa mdomo, na sikuwa na hata meseji moja.

*Ploti yetu Kayole ina floo tano na geti moja tu chini. Keateka analifunga na kufuli saa nne usiku, anaenda kulala nyumba ya nyuma na simu anazima. Madirisha yote yana grili za kuchomelewa. Juzi mtungi wa jirani floo ya pili ulishika moto, tukauzima na blanketi ya maji, lakini tangu hiyo siku silali. Landlodi anasema kufuli ni ya usalama wetu sisi. Ni sawa?* (Baba Njeri, Kayole)

Si sawa, na ndugu yangu hii ndiyo barua iliyokaa na mimi wiki nzima.

Sisi Nairobi tumezoea kufikiria usalama ni mwizi. Tunaweka grili, kufuli mbili, chupa zilizovunjika juu ya ukuta, na tukimaliza tunalala tukijua hakuna mtu ataingia. Hatuulizi tutatoka vipi. Kwa moto wa nyumba moshi ndio unaua mapema, mara nyingi kabla miali haijamfikia mtu, na ngazi zikijaa moshi watu wa floo ya tano hawana dakika za kumtafuta keateka aliyezima simu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 pale Mradi, Embakasi, mlipuko wa kituo cha gesi kilichokuwa kikifanya kazi bila kibali ulichoma nyumba na maduka ya watu wakiwa wamelala, wengine walikufa na mamia wakaumia. Usiku kama huo, mtu aliyefungiwa geti na kufuli atatokea wapi?

Sheria iko upande wako kwa njia kadhaa. Kile kifungu cha 65 nilichotaja juu kinamwambia mwenye nyumba mambo mawili zaidi: nyumba au chumba anachopangisha kiwe kinafaa binadamu kuishi tangu siku ya kwanza na kiendelee kufaa, na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, yeye ndiye wa kutunza paa, kuta kubwa, mifereji, na zile sehemu mnazotumia wote, njia za kupitia zikiwemo. Geti na ngazi ni zake kuzitunza, hawezi kuwaambia mjipange. Sheria ya Afya ya Umma, sura 242 ya Sheria za Kenya, nayo inampa afisa wa afya wa kaunti nguvu ya kuja kukagua nyumba yenye hatari kwa afya na kumwandikia mwenyewe notisi ya kuondoa hiyo hatari. Na kanuni mpya za ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za zamani za 1968, zinalichukulia suala la watu kutoka kwenye moto kwa uzito wake.

Sasa fanyeni hivi, na nimesema fanyeni, sio wewe peke yako. Kaeni wapangaji mkubaliane, muandike barua moja, mweke majina na namba za nyumba, wengi iwezekanavyo, kwa sababu mtu mmoja akiandika anaitwa mkorofi na wakiwa ishirini landlodi anaketi chini. Ombeni vitu vichache vinavyowezekana. Geti liwe na kitasa kinachofunguka kutoka ndani bila ufunguo, au kila nyumba ipewe ufunguo wake. Dirisha moja kwa kila nyumba, grili yake ikatwe iwekwe bawaba na kufuli ndogo ya ndani, ufunguo utundikwe msumarini pale pale karibu mahali hata mtoto mkubwa anafikia, usiwekwe kwa droo. Mtungi wa kuzimia moto uwe kwa floo na mtu aonyeshwe jinsi ya kuutumia. Na nyinyi pia mtoe majiko, mitungi ya maji, baiskeli na masofa mabovu kwa ngazi, maana hapo hatari tunaileta sisi wenyewe.

Mkipewa majibu ya "tutaona", pelekeni kopi ya hiyo barua kwa kikosi cha zimamoto cha kaunti, kituo chao kikuu kiko Tom Mboya Street, na nyingine kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo yenu. Baki na kopi iliyogongwa muhuri. Na kama mnaogopa kufukuzwa kwa sababu ya barua, jueni mpangaji wa kila mwezi anapewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, haambiwi "kufikia jioni uwe umetoka".

Na kuhusu gesi, kitu cha kuambia jirani zako wote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kutandaa sakafuni, haipandi juu kama moshi, ndiyo maana dirisha la juu peke yake halisaidii sana. Ukisikia harufu usiwashe wala kuzima swichi, usiguse kiberiti, funga regyuleta, fungua mlango wazi, toa watoto, na mtungi ukiweza utoe nje.

*Balbu ya ngazi iliungua miezi miwili iliyopita, nimemtumia ejenti meseji nne. Wiki jana nikipandisha mtungi wa maji lita 20 usiku nilikosa ngazi nikaanguka, mkono umevunjika, nimelazwa siku mbili. Ejenti ananiambia ningetumia tochi ya simu.* (Dada wa Umoja)

Pole dada, na hizo meseji nne ni dhahabu. Ngazi ni sehemu ya wote na bado ziko mikononi mwa mwenye jengo, na kuna sheria, sura 34, inayomtaka yeyote anayeshikilia mahali achukue uangalifu wa kutosha ili wanaopita hapo wasiumie. Alijua ni giza, aliambiwa mara nne, akanyamaza. Tunza karatasi za hospitali, risiti zote, picha ya ngazi ikiwa giza, majina ya jirani waliokubeba, na kama ulikosa kazi barua ya mwajiri. Korti ya Madai Madogo inasikiza pia fidia ya kuumia ndani ya ile ile milioni 1. Madai ya namna hii yana kikomo cha miaka 3 tangu siku uliyoumia, lakini usikae hiyo miaka, mashahidi wa ploti huhama. Hilo la tochi wanaweza kulileta, kwamba wewe pia ungejichunga, na korti inaweza kukupunguzia kiasi kwa hilo, lakini halimfutii yeye makosa.

*Nimechelewa kodi miezi miwili, ni kweli, kazi iliisha. Juzi nimetoka kutafuta kibarua nikarudi nikapata kufuli kubwa juu ya yangu, na stima wamekata. Nguo, cheti zangu za shule, kila kitu kiko ndani. Nalala kwa boma ya rafiki. Nikivunja hiyo kufuli nitashikwa?* (Kijana wa Kasarani)

Usivunje. Najua inauma, lakini ukivunja mazungumzo yote yatakuwa juu ya wewe kuvunja na si juu ya yeye kufunga.

Landlodi hana ruhusa ya kujiamulia kesi yake mwenyewe kwa kufuli. Akitaka kodi yake, sheria ya sura 293 inamruhusu kukamata mali ya mpangaji anayedaiwa, lakini kupitia dalali mwenye leseni anayefuata utaratibu wa notisi na orodha, sio keateka na kufuli ya hardware. Akitaka utoke, anakupa notisi, na ukikataa anaenda korti. Kuingia nyumba ya mtu kwa nguvu ili kuichukua ni kosa la jinai, hata kama anayeingia ndiye mwenye jengo. Kung'oa mlango au mabati ndiyo mpangaji ahame mwenyewe ni mtindo ninaouona sana hapa mjini na ni ukatili, hasa kukiwa na watoto ndani.

Mahali pa kwenda panategemea kodi yako. Kama ni shilingi 2,500 kwa mwezi au chini, uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, sura 296, na unaenda kwa baraza lake hapa Nairobi, ambalo lina uwezo wa kuamuru ufunguliwe, na sheria hiyo inafanya kumsumbua mpangaji ili ahame kuwa kosa. Kodi ikizidi hapo, kama nadhani yako inavyozidi, unaenda korti kwa maombi ya dharura. Anza na OB leo, piga picha ya hiyo kufuli ikiwa na tarehe, mtumie landlodi meseji ya heshima umwambie unataka vitu vyako na vyeti na unapendekeza kulipa deni kidogo kidogo, taja kiasi unachoweza kweli. Mara nyingi ukienda na hiyo meseji kwa chifu mambo yanaisha hapo. Isipoisha, Kituo cha Sheria wamekuwa wakisaidia watu wasio na pesa ya wakili tangu 1973, wako hapa hapa Nairobi. Deni lakini bado ni lako, kufuli yake haikulifuta.

*Landlodi ameweka CCTV kwa korido, moja inaangalia moja kwa moja mlango wangu, nikifungua inaona hadi kitandani kwa sababu ni bedsita. Na wochi anaandika ID ya kila mgeni wangu.* (Msomaji, Roysambu)

Kamera ya korido kwa ajili ya wezi ni halali na binafsi nafurahi ikiwepo. Ya kuona kitanda chako si halali, Katiba kifungu cha 31 inalinda faragha ya nyumba yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uambiwe kuna kamera, ni ya nini, na isikusanye zaidi ya inavyohitajika. Mwambie aigeuze ielekee ngazi, kwa maandishi, na picha ya inavyoona ukipata. Akikataa unalalamika kwa Kamishna wa Data, na sheria inampa siku 90 kumaliza lalamiko. Mlinzi kuuliza kitambulisho na kuandika saa ya kuingia na kutoka kunaruhusiwa na sheria ya walinzi binafsi ya 2016, ila hiyo habari si ya kutumiwa kwa kitu kingine, kama kumpigia mgeni wako simu usiku.

*Niliweka grili ya mlango kwa pesa yangu, sasa nahama, landlodi anasema grili inabaki na tena anakata depoziti sababu fundi aliharibu rangi.* (Otis, Kangemi)

Kitu kilichoshikana na nyumba huwa kinafuata nyumba, isipokuwa mliandikiana vingine. Hata hivyo kilichowekwa na mpangaji kwa matumizi yake mwenyewe, na kinachoweza kutolewa bila kuharibu ukuta, una hoja ya kukitoa kabla hujakabidhi nyumba, ukishatoa mguu hoja inaisha. Grili ya bolti ingekuwa rahisi, ya kuchomelewa kwa fremu ni ngumu. Mimi ningempa chaguo: abaki na grili alipe nusu ya bei kwa risiti, au niitoe nirudishe rangi. Ninachomkatalia kabisa ni kuchukua vyote viwili, grili na depoziti. Depoziti ni pesa yako aliyoshika, na ikifika huko pia inadaiwa kwa Korti ya Madai Madogo. Kabla ya kukabidhi funguo piga picha kila ukuta, kila dirisha, na mita ya stima ikisoma namba, na umwambie keateka aingie kwa picha moja akiwa ameshika ufunguo mkononi.